Kiguu na Njia: Dada Yetu na Ukoka Wake wa Mistari

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na karakana, mtoto wa kwanza wa dereva wa garimoshi na mkewe mshonaji. Mama yetu alisimulia kwamba mtoto huyu hakutambaa kamwe. Alisimama, akaanguka, akasimama tena, akaanza kuzurura. Baba akamwita Kiguu na Njia, na jina likamganda hadi uzeeni.

Alianza shule ya msingi ya reli mwaka 1961, akamaliza kidato cha nne 1971. Mwalimu wa hesabu alimkalisha karibu na mlango, ili akitoka asiwasumbue wenzake. Alifaulu vizuri, ingawa kila mtihani alikabidhi karatasi mapema, halafu akabaki dirishani akiwakodolea macho waliokuwa bado wanaandika.

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa mpokea simu katika ofisi ya maji, kazi ya kukaa kutwa. Aliifanya akiwa amesimama, waya wa simu umevutika hadi mwisho, mguu mmoja umeshaelekea mlangoni. Alistaafu mwaka 2009. Tulimpenda sana, na alituchosha sana.

Mume alimpata kwa sababu ya saa. Aliipeleka kwa fundi akilalamika kwamba inachelewa, akawa anapiga hatua huku na huku mle dukani mpaka fundi akashindwa kushika skrubu. "Dada," fundi akamwambia, "saa yako haichelewi. Wewe ndiye unawahi." Walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1979, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni mhasibu. Mmoja hatulii, mwingine anamaliza asubuhi nzima akiwinda chembe ya vumbi ndani ya saa ya mkono. Tulidhani ndoa ile haitafika mwaka.

Macho ya fundi yalipoanza kufifia, alihamishia meza yake barazani kutafuta mwanga. Uwanja ulikuwa mtupu, na kila upepo ukivuma saa zilimeza mchanga. Marehemu akapanda ukoka kuzuia vumbi, nao ukawa wa manjano. Muuza maua akamwonyesha boksi la mbolea maalumu ya nyasi, lenye picha ya uwanja wa kitajiri. Akaligeuza, akasoma kilichomo, akalirudisha. "Nyasi hazijui kusoma boksi," alisema, akaenda duka la pembejeo kuchukua mfuko wa mbolea ya kawaida, ile ya mahindi, mchicha na chochote kile. Mwenye duka akamwelekeza: "Mama, igawe mara mbili. Nusu unarusha ukitembea kwa urefu, nusu kwa upana, halafu unamwagilia." Kufika kwenye "upana," dada yetu alikuwa ameshavuka barabara.

Aliirusha yote mbiombio kati ya mlango na lango, akamwagilia, akaingia ndani. Ukoka ukaota mistari: hapa umenona, pale umedhoofu. Jirani akamuuliza, "Mwenzangu, siku hizi unafuga punda milia?" Kila msimu alirusha vilevile, na kila msimu mistari ikarudi palepale.

Mwaka 2016 presha ya macho ilimaliza nuru ya fundi. Akawa hatoki, maana kutoka kulikuwa kushikwa mkono na mkewe, na mkono ule ulimburuta. Siku moja akashuka barazani peku, akakanyaga mstari ulionona, akaufuata kwa nyayo mpaka lango likamgusa kifua. "Mke wangu, nani kanitandikia zulia?" Marehemu alilia, naye hakuwa mtu wa kulia. Tangu siku hiyo alilisha mstari ule mmoja tu, kwingine akakuacha na njaa yake.

Oktoba 2022 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa. Wauguzi walimkuta mara koridoni, mara ghorofa ya chini, na swali lake lilikuwa moja: "Ukoka nani anaulisha?" Binti akatia mbolea, kwa urefu na kwa upana, kama ilivyoandikwa kwenye mfuko. Uwanja wote ukanona sawasawa, ukawa mzuri kuliko wowote mtaani. Asubuhi moja fundi akatoka na kupotea karibu kabisa na mlango wake. Tulimkuta amesimama katikati ya kijani kibichi, akipapasa hewa. Akarudishwa ndani, akakataa kutoka tena.

Dada aliposikia, alidai arudishwe nyumbani siku ileile. Hakumgombeza binti. Aliomba kiti kiwekwe langoni, akakaa. "Mume wangu, njoo," akaita, na fundi akaja akifuata sauti. Binti akamrudisha mlangoni, mkewe akamwita tena. Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka nyayo zake zikaulaza ukoka na njia ikajichora. Magoti ya dada yalitetemeka kwa hamu ya kunyanyuka, lakini hakunyanyuka. Sisi wadogo zake tulisimama dirishani tukitazama.

Alifariki tarehe 7 Machi 2023, nyumbani kwake, akiwa usingizini.

Ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili na wadogo zake watatu. Mumewe ametuomba tusimwambie apumzike, kwani neno hilo hakulipenda hata siku moja. Ametuomba tumwambie tu kwamba leo asubuhi ametoka mlangoni hadi langoni peke yake, na hakuna aliyemwita.