Jumamosi Watu wa Banda Walipotungoja

Mgeni rasmi, Bi. Tabitha Jerop, meneja wetu, Bw. Jamleck Muiruri, wenzetu wa banda la kufungashia, na nyote mliopanda mpaka huku Dundori mchana huu wa baridi: hamjambo?

KUKUKARIBISHA

Sisi watu wa ofisi ya Kampuni ya Mboga ya Kirima Baridi, kumi na mmoja kwa jumla, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umetoka Mau Narok alfajiri, na tunajua magoti yako yanasemaje juu ya safari ndefu. Asante kwa kuja.

Wengine wameuliza kwa nini mgeni rasmi awe msimamizi wa banda aliyestaafu, wala si mheshimiwa fulani mwenye dereva. Jibu letu ni hili. Ulipostaafu Desemba, wewe ambaye sote tunakuita Mathe, yaani mama, wenzako wa banda walikuimbia na kukufunga leso. Sisi tulikuwa ndani tukifunga hesabu za mwaka, tukakupungia mkono kupitia dirisha. Hilo limetukaa rohoni. Leo tumekuja kukushukuru tukiwa nje, mchana, na viti tumeweka.

Anayesoma ni Waithaka wa stoo, kwa sababu ndiye mwenye sauti. Maneno ni ya sisi sote. Truphosa Makhanu, ambaye tutamtaja sana, ametupa ruhusa, ila ameomba akae nyuma.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, wewe unajua, lakini wapo wageni wasiojua. Hapa kampuni ina watu wa aina mbili. Watu wa banda wanaosha karoti na kuchambua viazi. Wana kadi. Asubuhi kadi inaingia kwenye mashine, king'ora kikilia jioni inaingia tena, na dakika zikizidi king'ora, zinalipwa. Watu wa ofisi hatuna kadi. Sisi ni wa mshahara wa mwezi, na barua zetu za ajira zinasema tutafanya kazi "kadiri kazi itakavyohitaji".

Tuseme ukweli: tulijivunia kukosa kadi. Tulipita karibu na ile mashine kama watu wanaopita karibu na foleni ya maji.

Truphosa alianzia kwako, bandani. Miaka sita alisimama kwenye meza ya karoti, mikono ikiwa kwenye maji baridi, na Jumapili baada ya kanisa alishuka Nakuru kujifunza kompyuta. Nafasi ya karani wa maagizo ilipotokea, akaipata. Siku hiyo banda lilinunua soda. Wewe mwenyewe ulimshika mabega ukamwambia, "Sasa utakaa. Miguu yako imefanya kazi ya kutosha."

Nyumbani mtaa wa Kaptembwa, Nakuru, babake, Mzee Nicodemus, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu, aliita majirani wakaomba pamoja. Binti yake sasa ni mtu wa ofisi.

Mwezi wa kwanza haukuisha kabla Truphosa hajaelewa. King'ora kililia saa kumi na moja, basi la kampuni likaondoka na wenzake wa zamani wakicheka ndani yake, naye akabaki. Agizo moja la mteja lilikuwa limebadilika. Kesho yake yakabadilika mawili. Akawa anatoka nyumbani kabla ya jua na kurudi baada ya jua, na Jumamosi, ambayo kwa mdomo ilikuwa inaisha saa sita, ikawa inaisha yenyewe inapotaka.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Alituambia baadaye kwamba aliona haya kuwaonea wivu watu waliomnunulia soda. Wakimuuliza ofisi ikoje, alisema, "Iko sawa, nakaa tu."

Na sisi tuliokuwa tumekaa kando yake tulikuwa na haya hiyo hiyo, kila mmoja na yake. Hatukuambiana.

YALIYOMPATA TRUPHOSA

Mzee Nicodemus alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anaona vivuli mchana, na jua likizama haoni kabisa. Hospitali ya macho ilimpa siku ya kufanyiwa upasuaji, kwa sharti aje na mtu wa familia wa kutia sahihi na kumrudisha nyumbani. Mtu wa familia ni Truphosa peke yake.

Siku ya kwanza iliangukia mwisho wa mwezi. Truphosa hakutoka. Siku ya pili alimwomba jirani amsindikize mzee. Hospitali ikamrudisha kwa sababu jirani si familia. Jioni Truphosa aliingia nyumbani akilia, na mzee akamtafuta kwa mkono mpaka akampata bega.

"Usijali, mama," akamwambia. "Macho yangu yako hapa hapa. Hayaendi mahali."

Lakini yalikuwa yanaenda, na wote wawili walijua.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni mwaka jana, saa nane mchana. Daktari alisema wakikosa tena, watarudishwa mwisho wa orodha. Truphosa akaomba ruhusa wiki mbili mapema, na Bw. Muiruri akampa bila shida. Tunalisema hili mbele yake kwa sababu ni haki yake.

Asubuhi hiyo supamaketi moja ya Nairobi ikabadilisha agizo lote. Hati za malori manne zikawa ni za kuandikwa upya. Meneja akaja mezani kwa Truphosa, yeye mwenyewe akiwa hajanywa hata chai.

"Truphosa, nipe saa moja tu."

Saa moja ikawa mbili. Saa sita king'ora cha Jumamosi kikalia. Simu yake ikalia pia.

"Nimeshavaa," babake akasema. "Niko kwa mlango."

"Nakuja, baba."

Akaweka simu chini akaendelea kuandika. Wewe, mgeni rasmi, ulikuwa umepita dirishani kumtakia mzee heri, kwa kuwa habari ya upasuaji ulikuwa nayo. Ulimkuta anapiga chapa huku machozi yanadondoka kwenye kibodi, bila sauti, bila hata kuyafuta.

"Baba yako ako wapi?" ukamuuliza.

"Nyumbani. Amevaa."

"Na wewe?"

"Mimi niko hapa, Mathe."

Ulitoka ukaenda langoni, mahali basi lilipokuwa linanguruma na watu wa banda zaidi ya sitini wanapanda. Tulikusikia kutoka ndani.

"Shukeni," ulisema. "Ofisi bado haijatoka."

Wakashuka. Tunataka wageni waelewe: ilikuwa Jumamosi, watu wana nguo za kufua, wana watoto, wana mazishi ya kwenda. Kadi zao zilikuwa zimeshaingia kwenye mashine, maana yake hakuna dakika moja mbele yao iliyokuwa na malipo. Wakashuka wote, wakapindua kreti tupu, wakaketi mbele ya ofisi wakitazama mlango wetu.

Bw. Muiruri akatoka. "Mathe, kuna nini?"

"Hakuna kitu, boss. Tunangoja wenzetu."

"Wenzenu gani?"

"Hawa wa ofisi. Asubuhi tulikuja nao kwa hii basi. Tutarudi nao."

"Lakini hao si wa kadi. Hao ni wa mshahara."

"Sawa," ukasema. "Na Jumamosi ya watu wa mshahara inaisha saa ngapi? Niambie tu saa, nipandishe watu wangu kwa basi."

Meneja akatazama saa yake. Akatazama sisi, tuliokuwa tumejipanga dirishani kama watoto wa shule. 

"Kusema kweli, Mathe," akasema, "mimi sijui."

"Basi hata sisi hatujui tutaenda saa ngapi. Tutakaa."

Mgeni rasmi, wengi wetu tumefanya kazi chini ya mameneja wengi, na tunajua mwingine angeita polisi. Huyu aliingia ndani, akachukua ufunguo wa gari lake, akasimama mbele ya meza ya Truphosa. "Toka," akamwambia. "Mimi ndiye nitakupeleka." Wakashuka Nakuru, wakampitia mzee mlangoni akiwa na koti lake la reli, wakafika hospitalini saa nane kasorobo.

Na zile hati? Tuliziandika sisi wengine, na wasichana wawili wa banda wakaingia kutusomea namba. Malori yakaondoka kwa kuchelewa. Supamaketi ililalamika Jumatatu, Jumanne ikaagiza karoti nyingine.

Kesho yake bandeji ya jicho la kwanza ilipotolewa, Truphosa alikuwa ameinama mbele ya babake. Mzee alimtazama muda mrefu. Tangu binti yake aingie ofisini, alikuwa amemjua kwa sauti tu, usiku.

"Kumbe umeota mvi?" akamuuliza. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, baba."

"Na hukuniambia."

Truphosa anasema alicheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini.

MAFANIKIO

Tangu Jumamosi hiyo, kwa neno la meneja, ofisi ya Kirima Baridi inatoka saa kumi na moja na nusu, na Jumamosi saa sita. Jicho la pili la Mzee Nicodemus lilitibiwa Agosti, siku ya kazi, kwa ruhusa ambayo haikubadilika. Truphosa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Alhamisi. Waithaka anayewasomea amegundua kwamba mtoto wake wa mwisho anajua kupiga mluzi, kipaji ambacho alikuwa hakijui. Hati zinazorudishwa kwa makosa zimepungua, kwa sababu tunaziandika tukiwa macho. Na meneja wetu, jioni ya kwanza aliyofika kwake mapema, mkewe alimpigia daktari simu akidhani mumewe anaumwa. Atusamehe, alituambia mwenyewe.

Yote haya, mgeni rasmi, yalianza na saa moja na nusu ambayo watu wa banda walikaa juu ya kreti bila kulipwa. Tumewahi kufanya saa nyingi za bure katika kampuni hii. Hizo zenu ndizo pekee tunazozijua zilizofanywa kwa hiari. Hatujui zinalipwaje. Tunajua tu kusimama na kusema asante, na tunaomba watu wote wa ofisi wasimame sasa.

CHANGAMOTO

Asanteni, tukae. Hapa sauti inapungua kidogo.

Tulichopewa tulipewa kwa mdomo. Kilikuwa kinashikiliwa na uso wako pale langoni, Mathe, na uso huo ulihamia Mau Narok. Msimu wa mavuno wa mwaka huu, agizo moja likabadilika, kisha mawili. Hakuna aliyeamrisha kitu. Mambo yalirudi polepole tu, kama maji yanavyorudi kwenye mtaro.

Kuna msichana mpya, Shiru, ana miezi mitatu nasi. Barua yake, iliyochapishwa mwaka huu, bado inasema "kadiri kazi itakavyohitaji". Jumamosi tatu mfululizo alibaki peke yake mpaka jioni akimaliza kazi za watu wengine, kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kutoka. Tulikuja kujua Jumatatu ya wiki ya nne, kutoka kwa mlinzi.

Tungeweza kumlaumu meneja, ambaye siku hizo alikuwa safarini. Lakini tulipoketi kuandika risala hii, Truphosa alisema tuandike ilivyokuwa. Sisi wenyewe tulitoka saa sita, kila mmoja na mkoba wake, tukapanda basi bila kuhesabu nani hayupo. Shiru, mbele ya mgeni rasmi, tunakuomba msamaha.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatukuombi harambee wala ahadi. Tunakuomba ukae hapo ulipo, karibu na Bw. Muiruri, wakati tunamkabidhi karatasi moja. Ina mistari minne. Inaomba yale maneno ya "kadiri kazi itakavyohitaji" yafutwe kwenye barua zetu, na mahali pake paandikwe saa ya kutoka. Inaomba kwamba kazi ikizidi saa hiyo, na tunajua kuna siku itazidi, muda huo ulipwe au urudishwe kama siku ya mapumziko, mfanyakazi akichagua.

Mstari wa mwisho ulibishaniwa sana kati yetu. Wengine waliona tunajishusha. Tumekubaliana hivi: tunaomba na sisi tupewe kadi, na mashine iwe ile ile ya banda, foleni moja.

Bw. Muiruri, wewe ulikuwa mkweli siku ile kusema hujui. Tumekuheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Leo tunakuletea jibu likiwa limeshachapwa. Imebaki kalamu tu, na kalamu Shiru anayo.

HITIMISHO

Mathe, Mungu akulinde huko Mau Narok. Ng'ombe wako wawili wawe watano, viazi vyako visiguswe na baridi kali, na magoti yako yapate mtu wa kuyakanda. Usiku ukilala, ulale ukijua kuna nyumba huku Nakuru ambamo mzee mmoja anasoma Biblia yake mwenyewe, bila kusomewa.

Ni sisi wako,
Watu wa Ofisi, Kirima Baridi, Dundori.

Risala hii iliandikwa Jumanne na Jumatano, saa za kazi, kwa ruhusa ya meneja. Saa kumi na moja na nusu tuliiacha katikati ya sentensi, tukaenda nyumbani.