Placide Kalasa na Kinga ya Mahari

Wapendwa wa familia, majirani wa Shituru, na ninyi mliotoka Koni na kando ya ziwa Tshangalele kwa miguu au kwa kinga, ambayo wengine huiita baiskeli, tunawaomba mtulie kidogo, maana kabla hatujambeba ndugu yetu Placide Kalasa Numbi kwenda kanisani ni lazima maisha yake yasomwe, na yeye mwenyewe asingependa yasomwe kwa kupambwa. Kwenye kiti kile karibu na jeneza ameketi baba mkwe wake, Mzee Germain Mukobe, na wengi wenu mnajua kwamba kuna neno moja marehemu alilolingoja kutoka kinywani mwa mzee huyu tangu alipomwoa binti yake, neno la kusema mahari imetimia. Mnajua pia kwamba mwanaume akifa kabla neno hilo halijasemwa, ukoo wa mke unaweza kusimama mlangoni na jeneza lisitoke, kwa hiyo tutegeeni masikio vizuri.

Placide alizaliwa tarehe 12 Juni 1948 hapa Shituru, kwenye kambi ya wafanyakazi, mtoto wa tatu wa Casimir Numbi na Adrienne Kabange, na mama yake alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia, alikodolea macho taa tu, kama anatafuta ilifungwa na skrubu gani. Alianza shule ya msingi kwa mapadri Septemba 1955 akaimaliza mwaka 1961, kisha akaingia shule ya ufundi, akatoka huko Juni 1967 na cheti cha fundi mitambo pamoja na kiburi kidogo, na hicho kiburi tutakirudia sasa hivi. Tarehe 1 Februari 1968 aliajiriwa kiwandani hapa Shituru, kwenye karakana ya pampu, akaheshimika kwa mikono yake na kuogopwa kwa ulimi wake, kwa sababu fundi aliyegonga chuma kwa nyundo pasipo sababu alikuwa anaambiwa aende akatwange mihogo.

Mwaka 1972 alimwona Fidélie sokoni Likasi akiuza samaki wakavu wa baba yake, mvuvi wa ziwani Tshangalele, akanunua samaki kila siku ya soko, hata mama yake akamuuliza kama anafungua duka. Alipopeleka posa, Mzee Germain hakukataa, alitaja vitu vya mahari, vitambaa, koti, mbuzi, na kinga nzima ya kubebea samaki, na hapo ndipo kiburi kilipoingia, maana Placide hakutaka kununua iliyokamilika, alitaka kuiunda mwenyewe. Alipata fremu ya Kiingereza na akse yake, ile fimbo ya chuma inayopita chini ya fremu, lakini manivele, yaani mikono inayoshika pedali, zilikuwa za Kifaransa, na klavete, kile kipini kinachofunga manivele kwenye akse, kilikuwa kinene mno kwa matundu yale, naye akakipiga tupa mpaka kikapita. Kilipita, ndiyo, ila hakikushika.

Tarehe 18 Agosti 1973, mbele ya koo zote mbili, Mzee Germain alipanda kinga hiyo akaelekea kwenye kile kilima cha kanisa, na alipokanyaga kwa nguvu manivele ya kushoto ikajizungusha juu ya akse, pedali zote mbili zikaangalia chini, mzee akarudi akiisukuma huku mashangazi wakijificha nyuma ya vitenge kucheka. Alimpokea mkwe kwa mikono miwili, akampa binti, ila alisema hivi, na maneno yake yakabaki: “Bintu byote binafika, ila kinga haiyafika.” Ndoa ilibarikiwa kanisani tarehe 29 Desemba 1973, Mungu akawapa Bertin mwaka 1975, Joëlle mwaka 1978 na Jimmy mwaka 1984, na katika kila ubatizo walikuwepo ndugu wa Fidélie wa kuuliza kwa sauti kama ile kinga iko njiani.

Aibu ile ndiyo iliyomsomesha. Alibadilisha akse, ikawa ndefu mno na mnyororo ukaenda upande, akaweka fupi, gurudumu la meno likakwaruza fremu, akajifunza kwamba vikombe vinavyoshika akse ndani ya fremu, vya Mwingereza na vya Mfaransa, havifungwi kwa njia moja, na baada ya miaka michache watu walikuwa wanamletea manivele ndani ya mifuko kama wanaopeleka mtoto kwa daktari. Aliichukua, akaipachika kwenye akse, akaizungusha, akafumba macho akasikiliza, kisha akasema, “Hawa wawili hawapendane, kila mutu amurudishe wake kwao,” na hapakuwa na wa kumbishia. Lakini kinga ya mzee, aliyoitengeneza vizuri kuliko zote, kila baada ya miezi ilirudi kuharibika, na wanawake waliotoka ziwani na samaki wakaleta ujumbe wake uleule: “Mukwe, kinga iko inalia tena, ukuye uyiangalie.”

Kisha ikaja miaka mnayoijua, maduka yakaporwa mwaka 1991, mishahara ikawa habari ya kusimuliana, na Placide akaweka meza yake ya kazi kwenye baraza ya nyumba hii. Makala, yaani makaa ya kupikia, unga na samaki vyote viliingia mjini kwa kinga, vipuri vipya havikuwepo, mtu alikuja na fremu ya Mchina, manivele ya Mhindi na akse ya babu yake, na Placide aliwaoanisha mpaka wakakaa, akilipwa bakuli la unga, au asante, au ahadi. Tuseme wazi, njaa iliingia humu ndani, watoto walilala na chai ya majani ya ndimu, na tulipomwita aje kula kwetu alisema ameshiba, akijishika mkanda uliokuwa umeongezwa matundu. Alikuwa hapokei msaada, hata wa ndugu wa tumbo moja, na tulimkasirikia kwa hilo kama vile tunavyomkumbuka kwa hilo.

Ila miaka hiyohiyo kinga ya mzee iliugua kuliko wakati wowote, karibu kila mwezi, na kila mara Placide alifunga safari ya ziwani, akaikaza, na mama mkwe akapakia nyuma yake samaki na unga mpaka tairi zinalala, Mzee Germain akisema kwa uso mkavu: “Haiko ya kukusaidia weye. Ni ya kujaribu kama manivele inashika. Ukifika nayo Shituru, wiki inayokuja uirudishe.” Alifika nayo, kinga ikarudi, mzigo haukurudi, na watoto hawa mnaowaona wamesimama hapa wamekua kwa majaribio hayo.

Januari 1998 miguu ilianza kumvimba, madaktari wakasema ni figo, tarehe 20 Machi akalazwa, na tarehe 4 Mei 1998 asubuhi akatuacha, Fidélie akiwa amemshika mkono. Jana Mzee Germain alifika akiendesha kinga yenyewe, na samaki wa kulisha msiba, akawakuta wazee wa ukoo wake wameshaanza kuuliza habari ya mahari. Alivua kofia, akasema mbele yao wote kwamba kinga haikuwa na ubaya wowote tangu zamani, kwamba ni yeye aliyekuwa analegeza nati ya klavete kwa koleo lake la ndoana, mwanzoni kwa sababu alipenda mkwe wake aje waongee, na baadaye kwa sababu bana, yaani watoto, walikuwa na njaa na baba yao hakuwa mtu wa kupewa. Fidélie akainama karibu naye, akamwambia kwamba Placide alijua, aliona alama za koleo kwenye nati tangu mwaka 1992, na hospitalini alimwambia: “Usimuambie baba kama miye najua, atasikia haya.” Mzee alilia sana, na sisi pia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani walioleta maji, makala na viti, wenzake wa karakana waliotengeneza jeneza hili kwa mbao za nyumbani kwao, na wanawake wa samaki waliopeleka habari zote, za kweli na za uongo.

Wazee, mlango uko wazi. Jana, baada ya machozi, Mzee Germain aliomba ufunguo wa Placide wa kukazia nati, akapiga magoti kando ya kinga, akakaza nati mpaka mwisho, akawaambia watu wa ukoo wake: “Kinga inaisha kufika. Mahari inatimia. Mumubebe.” Basi lala, baba Bertin, lala salama, aliyekuwa anailegeza hatailegeza tena.