Mwenye Kufunga Frein Apande Ile Gari

Batoto yangu, mukaribie, Léa keti hapa, na wewe Gauthier zima telefone, kufa kwa baba yako haiko kitu ya kufilme. Docteur anasema moyo imechoka. Garage ya Naviundu njo itabagombanisha, basi niseme ningali na sauti.

Mbele musikie haya yangu. Nilikuwaka patron mubaya: nilifundisha bamekanisien baweke plaquettes ya zamani, vile vibao vya breki, mu gari ya bantu, bapake rangi, baambie client "ni mupya, papa". Siku moja nikachukua camionnette yangu kwenda Mokambo, frein ikakatala kusimamisha gari, nikaingia na gari yote mu shamba ya mihogo. Mama mwenye shamba akanikuta katikati ya majani: "Papa, barabara umeiachia nani?"

Nikarudi na moto, nikaita bamekanisien bote. Chola, mwenye alifunga ile frein, akanijibu: "Patron, tulikutengenezea vile unatufundishaka kutengenezea bantu. Hatukukubagua." Nilitaka kumupiga, kicheko ikanishinda.

Tangu siku ile, mwenye kufunga frein anapanda ile gari ku essai, kuijaribu mu barabara, pamoja na client, na mi naketi pembeni yake. Nikiaribu kitu, nasema mbele ya bote: mi njo nimearibu. Mwezi haikuisha, bamekanisien bakaacha kuficha makosa, hata boulon yenye kukatika banaleta beko banacheka.

Sasa wewe Gauthier, monsieur licencié en gestion, mwenye kusomea kuongoza kazi, unataka caméra mu kila pembe na règlement, sheria ya kazi ya kurasa kumi na mbili! Na juma iliyopita ulisahau kukaza gurudumu ya minibus, ukasukumia Chola kosa. Ulizani silisikia? Tangu pale, bamekanisien banaanza tena kunong'ona, banaficha vyuma. Haiko caméra yenye itaponyesha ile, ni kinywa yako.

Nyumba ya Katuba ibakie ya mama yenu, musiiguse. Garage, Léa akamate funguo. Gauthier atatumika chini ya Chola mupaka siku atasema ukweli mbele ya bote, kiisha bataongoza babili.

Unasema nini, Gauthier? Hapana... usiniambie mi. Chola iko pale ku mulango, na benzake. Geuka. Sema na nguvu...

Ee. Vile: "Mi njo nilisahau gurudumu, haiko Chola." Munasikia ginsi banamucheka? Banacheka muzuri... Chola, mukamate mukono... Léa, umupe ndugu yako funguo ya pili... Mungu abachunge, batoto yangu, na wale bote benye munaongoza... mufungue dirisha kidogo...