Mama wa Poloko na Kaburi Lililoachwa Bondeni

Amani, mvua na neema kwenu, baba mchungaji, chifu wetu, na majirani wote wa Ha Rantsoeu Mpya. Mimi ni Moselantja, binti wa marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitasoma kadiri sauti itakavyoniruhusu.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika milima ya Thaba-Tseka, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tano, akaacha kwa kukosa viatu vya kukanyagia theluji, na kwa bibi yake akajifunza kusuka kofia za majani, hizi zilizo katikati ya bendera yetu ya taifa, kazi iliyomlisha mpaka uzeeni.

Tarehe 6 Septemba 1969 aliolewa na marehemu baba, mchimbaji wa dhahabu, kule Ha Rantsoeu ya zamani, bondeni, na kwa desturi yetu wakwe wakampa jina la mtoto kabla hata hajashika mimba, akaitwa 'Mapoloko, mama wa Poloko. Poloko alizaliwa Julai 1970, hakumaliza wiki, mama mkwe akamzika nyuma ya nyumba bila alama, kwani msiba wa kichanga ni siri ya wanawake, mwanamume haambiwi. Nilipofuata mimi, tarehe 2 Februari 1973, nikaitwa Moselantja, yaani Mkia wa Mbwa, ili kifo kinidharau, nacho kimenidharau hadi leo.

Mwaka 1994 watu wa bwawa lililokuwa lije kufunika bonde letu walikuja kuandikisha makaburi ya kuhamishwa, gari lao likipeperusha bendera yenye kofia ya mama, baba akiwa mgodini, bibi aliyemzika Poloko ameshakufa, na babu, baba mkwe wa mama, akawazungusha kaburi kwa kaburi, kisha akasema, "Hawa ndio wetu wote, humu bondeni hatumwachi mtu." Mama alikuwa amesimama palepale na pombe ya wageni, akanyamaza. Miaka mitatu baadaye maji yakafunika kila kitu.

Januari mwaka huu, 2021, alipougua saratani ya ini, ndipo aliponieleza habari za kaburi la Poloko, nami nikapandwa na hasira nikamwambia, "Mama, neno moja tu lilikushinda?" Akanijibu, "We Mkia wa Mbwa, mkamwana afumbue mdomo mbele ya baba mkwe, tena kwa habari za uzazi? Ungekuwa wa kwanza kunicheka!" Kisha akaomba azikwe nyuma ya nyumba ya zamani, daktari akadhani anaweweseka. Alifariki tarehe 9 Juni, ameacha mtoto mmoja na wajukuu wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolia nasi, na wasusi wenzake mliomfunika blanketi lake la harusi. Babu simlaumu, alisema alichokijua. Watu wa bwawa sina la kuwaambia.

Kofia ndogo ya kichanga tuliyoikuta chini ya mto wake wa kulalia tumeiweka kifuani pake, maana kuitupa majini nimeshindwa.

Pumzika, mama wa Poloko, ukiweza. Tumekuzika mbali naye.