Ukurasa wa Kwanza wa Mama Dodoso

Ndugu waombolezaji, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Dodoso, na naomba mvumilie mpaka mwisho, maana marehemu aliandika sehemu kubwa yeye mwenyewe na akakataza lisipunguzwe hata neno.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mwashi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari hadi 1989, kisha akachukua cheti cha takwimu mwaka 1992. Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu huyu mnayemwona, wakajaliwa binti na mwana.

Mwaka 2009 aliajiriwa kuwa mdadisi katika taasisi ya utafiti, na Juni 2014 alipewa kazi ya kutafuta ni nani wanaolea watoto wadogo wa mtaa wetu wa mabanda wakati mama zao wako vibaruani. Alipita chumba kwa chumba, akakaa kwenye mikeka iliyolowa mikojo, akapima madirisha, akahesabu watoto waliolala mzungu wa nne kwenye godoro moja, akafikia vyumba mia mbili na kumi na viwili. Dada alimwapia kila mlezi kwamba ukurasa wa kwanza wa dodoso, wenye jina na maelekezo ya mlango, ungechanwa na kuchomwa moto, kwa sababu hivyo ndivyo Mtafiti Mkuu alivyowaapia wadadisi wake. Kosa la dada lilikuwa bidii, kwani kwa maelekezo yake hata mgeni asingepotea: mlango wa bluu, nyuma ya bomba, pazia lenye kiraka.

Jumatatu tarehe 9 Machi 2015, askari wa manispaa walikuja na karatasi mkononi, wakaenda moja kwa moja kwenye pazia lenye kiraka na kwa walezi wengine wote, wakavifunga vyumba eti havina kibali cha kulea watoto. Akina mama waliendelea kwenda kazini, maana tumbo halina likizo, wakawafungia watoto ndani, na tarehe 26 mwezi huohuo jiko liliunguza chumba cha Mama Pacha, pacha mmoja akafariki akiwa na miaka miwili.

Mtaa ulimwita dada msaliti, akaacha kazi, akaenda kumuuliza Mtafiti Mkuu, naye akamjibu kwamba orodha ilivuja kwa uzembe wa wadadisi. Hakuwa na ushahidi, na mwandiko ulikuwa wake, basi akayameza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilichukua miaka minane, hadi 2023 karani mstaafu wa manispaa alipomletea barua iliyokabidhi zile kurasa za kwanza kwa manispaa, ikiwa na sahihi ya Mtafiti Mkuu na ombi lake la kuajiriwa kuwa mshauri wa mradi mpya wa manispaa.

Wakati huo figo zilikuwa zimeshamchosha tangu 2022. Nilitaka kuizungusha barua mtaani siku hiyohiyo, akanikatalia.

"Usiwaambie mmoja mmoja mlangoni," alisema. "Wasomee wote siku moja, na yeye akiwepo."

Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa mbili asubuhi, hospitalini. Mlilalamika kwamba mazishi yamesogezwa hadi leo tarehe 15, na sasa mjue sababu: mgeni wetu alikuwa safarini, nasi tulimwalika kwa heshima zote atoe salamu za waajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kufua, na wadadisi wenzake mliobeba jeneza. Mtafiti Mkuu hatumshukuru. Mama Pacha, uliye pale karibu na mlango, dada alikusalimu kila asubuhi kwa miaka tisa na hukuitikia, hatukulaumu, hasira yako ilikuwa ya haki ila ilikosea mlango. Mwenyewe huyo hapo safu ya mbele, suti ya kijivu, na barua ninakuletea uishike kwa mikono yako kabla hatujamkaribisha kuzungumza.

Dada yangu, nenda ukapumzike kwa amani, aliyestahili kukosa usingizi ameshajulikana.