Siku Kumi na Tano za Demelash Wubneh, Mhunzi wa Kolo Meda

Mapadri wetu wa kanisa la Mariam, viongozi wa chama chetu cha kuzikana, wafiwa, na majirani mliotoka ng'ambo zote mbili za kijito, familia ya Mzee Wubneh Gelaw imemtuma mdogo wa marehemu, Mwalimu Asmare, awasomee maisha ya kaka yake, naye anaomba radhi mapema iwapo sauti itamkwama, maana yamo humu mambo yanayomhusu yeye mwenyewe, na ameamua kutoyaruka.

Marehemu Demelash Wubneh alizaliwa tarehe 14 Februari 1962 hapa hapa Kolo Meda, Gojam, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Wubneh na Mama Yitayish, akaanza kusoma Zaburi kwa mapadri mwaka 1968, akaingia shule ya serikali mwaka 1970, akamaliza sekondari Debre Markos mwaka 1981, kisha akasomea kilimo kwa miaka miwili, na tarehe 2 Septemba 1983 akaajiriwa kuwa bwana shamba wa wilaya yetu, mtoto wa kwanza wa kijiji hiki kupewa meza yenye mtoto wa meza na ufunguo wake.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na moja, wala hapakuwa na mkubwa wake aliyewahi kumlalamikia, ila yeye mwenyewe hakuwa na raha nayo, kwa sababu alikuwa akiwafundisha wakulima kulima kwa mistari ilhali ncha za plau zao zilikuwa butu na zinakatika kila zinapokutana na udongo wetu mweusi, mpaka siku moja mkulima mmoja akamwambia mbele ya watu, "Bwana shamba, karatasi yako inalima vizuri sana, tatizo ni plau yangu, haijasoma." Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini aliporudi nyumbani hakula.

Tarehe 7 Agosti 1994, mfungo wa Filseta, siku kumi na tano za Mariam, ulipoanza, marehemu aliomba likizo akaingia subae, akajitenga katika kibanda cha majani uani kwa kanisa hili, akila nafaka iliyolowekwa baada ya saa tisa alasiri na kunywa maji, huku akijiuliza swali moja tu kila siku, kwamba akifa leo, ni kazi gani ya mikono yake ambayo mtu ataitafuta kesho asiione. Swali hilo alimweleza padri wake wa toba, na padri akamwambia asilikimbie. Hapo ndipo alipokubali kukumbuka jambo ambalo nyumbani lilikuwa mwiko kulitaja, kwamba utotoni alikuwa akitoroka kwenda ng'ambo ya kijito kwa mhunzi Baye kuvukuta moto, na kwamba alichapwa kwa hilo mara nyingi kuliko kwa kosa lingine lolote.

Sisi tuliobaki nje tulikuwa tumeshamwamulia. Mtu anayemaliza subae kwa utulivu ule, kwetu ni lazima awe ameitwa madhabahuni, hivyo Mama Yitayish alinunua kitambaa cheupe cha kilemba, akapika tela, pombe yetu ya sherehe, na mnamo tarehe 22 Agosti, sikukuu yenyewe, akasimama langoni na jirani zake kumpokea padri wake. Marehemu alitoka amekonda, akawabusu wote, kisha akashika njia ya kijito. Mama akampigia kelele, "Demelash, nyumbani ni huku!" naye akageuka akasema, "Najua, mama, niwekeeni chakula," akavuka, akaomba kazi kwa mhunzi Baye.

Wenye umri wanajua kijiji kilivyokuwa. Mhunzi alikuwa mtu mwenye jicho, anayekula watoto kwa kuwatazama, tulimpelekea chuma na kuipokea plau kwa mkono mmoja huku mwingine umeziba chakula, tukazika wafu wetu kwa majembe aliyoyafua yeye, na wafu wake akawazika peke yake. Mwezi Oktoba mwaka ule chama cha kuzikana kilimfuta marehemu, na ofisi ikampa meza yake mtu mwingine. Huyu mdogo wake anayewasomea alipata mtoto wa kwanza mwaka 1995, na kaka yake alipokuja kumpongeza, mdogo huyu alimfunika mtoto uso kwa shuka mpaka kaka alipoondoka. Kaka aliona. Alisema tu, "Mungu amkuze," akaaga, na miaka minane ikapita bila ndugu hawa wawili kula pamoja, na kosa lote lilikuwa la mdogo.

Wakati anaingia subae marehemu alikuwa na mchumba, Bibi Etagegn Mersha, na baba yake Etagegn alipopata habari akawarudisha wazee waliopeleka posa, akisema binti yake hawezi kupelekwa ng'ambo ya kijito. Bibi Etagegn, ambaye tunaye hapa, alimjibu baba yake, "Basi usinipeleke, nitakwenda kwa miguu yangu, si mbali." Ilimchukua miaka miwili kumlainisha mzee, na tarehe 26 Januari 1997 ndoa ikafungwa katika kanisa hili, mbele ya wageni kumi na mmoja, saba kati yao wahunzi. Mungu akawajalia watoto wawili, Bisrat, aliyezaliwa mwaka 1998, ambaye leo ni muuguzi, na Tewachew, aliyezaliwa mwaka 2001, ambaye ameshika nyundo ya baba yake.

Kwa upande wa kazi, marehemu pamoja na mhunzi Baye walihangaika misimu minne kutafuta ncha ya plau inayofaa udongo mweusi, wakazivunja nyingi, na mwaka 1999 wakaipata ile pana yenye mgongo mnene ambayo leo hakuna shamba hapa lisilokuwa nayo. Mwezi Juni 2003 mvua zilipoanza, ncha ya plau ya Mwalimu Asmare ilikatika na ng'ombe wakiwa wamefungwa nira, akavuka kijito akiwa amejawa na haya, na kaka yake akamtazama akasema, "Mwalimu, ungekuja mwaka wa kwanza ningekufulia tukamaliza, sasa adhabu yako ni kahawa, vikombe vitatu, na huondoki mpaka cha mwisho." Mwalimu alivinywa vyote vitatu, akilia, na shemeji yake akamjazia kila kimoja.

Mwaka 2008 Bwana Kasahun, mwenyekiti wa chama chetu, ambaye ametuomba hili lisomwe, alimfuata marehemu na kumwambia, "Rudi chamani, wewe ni mtoto wa Wubneh, si mhunzi wa kuzaliwa," marehemu akamjibu, "Kasahun, mimi ni mhunzi, hilo nililikalia siku kumi na tano, ukinitaka niandike pamoja na wenzangu, la sivyo niache nizikwe nao." Tulibishana miaka mitatu, wengine tukinuniana hata kanisani, na mwezi Mei 2011 kaya nane za wahunzi ziliandikwa siku moja, jina la marehemu likiwa la mwisho, kwa ombi lake.

Mwaka 2018 marehemu alianza kusumbuliwa na kifua, akatibiwa Bahir Dar kwa vipindi mbalimbali, akarudi nyumbani mwezi Septemba mwaka huu, na jana, Alhamisi tarehe 16 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Wiki mbili kabla, mdogo wake alimwuliza swali ambalo kijiji kizima kimeliuliza kwa miaka ishirini na tisa, sauti gani ilimwambia avuke kijito. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Asmare, sikusikia kitu. Nilikaa kimya mpaka nikachoka kujidanganya, basi."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, chama cha kuzikana kwa hema na chakula, mapadri wetu, na zaidi ya wote wahunzi wenzake, waliofanya kazi zake zote alipokuwa kitandani na kuuleta ujira wote kwa Bibi Etagegn.

Wapo waliouliza asubuhi hii ni nani watakaobeba jeneza, kwa kuwa desturi yetu ni ndugu wa damu kutangulia. Sisi ndugu zake tumekaa tukakubaliana. Mzee Baye, inuka, wewe ndiye utakayetuongoza, wanao na wahunzi wote washike mbele, na sisi watoto wa Wubneh tutashika nyuma.

Kaka Demelash, tunajivunia wewe, na tulichelewa kukwambia. Pumzika kwa amani.