Dafrosa Valeriani, Aliyetazama Ulimi Kabla ya Jino

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Dafrosa Valeriani, tabibu wa meno wa hospitali yetu hapa Mpanda, anastaafu Ijumaa, tarehe 15 Agosti 2025.

Alishuka kwenye treni ya Tabora mwaka 1991 akiwa na sanduku la bati na kioo kidogo cha kuchungulia mdomoni, amekiviringisha kwenye khanga kama yai. Wakati huo chumba cha meno kilikuwa na kiti kimoja kibovu, na wagonjwa walijua huduma moja tu: kung'olewa. Dafrosa hakugusa jino kabla ya kuona ulimi, fizi na mashavu kwa ndani. Mjamzito mwenye ulimi uliopauka alipelekwa kupimwa damu. Kijana mwenye utando mweupe kooni, dalili ya kinga kushuka, aliulizwa mengine, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Alituambia mdomo ni kibaraza cha mwili: ukikuta uchafu hapo, usifagie ukaondoka, piga hodi.

Alikwenda Mishamo kwa pikipiki, matope hadi magotini. Huko mzee Arcade alikataa katakata kumtolea mwanamke ulimi mbele ya watu. Dafrosa akatoa wake kwanza. Foleni nzima ikacheka, na mzee akafungua mdomo. Pembe za mdomo wake zilikuwa zimechanika na ulimi umekuwa laini kama wa mtoto; alikuwa ameishiwa damu. Alitibiwa, na hadi leo humletea maharage kila mavuno.

Mimi nilikuwa Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, na sikuwa mtu wa kungoja. Nilihesabu wagonjwa waliotoka chumbani, sio waliopona.

Mwaka 2004 alikuja Bartolomeo, mkulima wa mpunga wa Majimoto, meno manne yamelegea na fizi zimejaa usaha. Dafrosa alimwambia, “Baba, meno manne hayalegei pamoja bila sababu. Tupime sukari kwanza.” Bartolomeo alikuja ofisini kwangu amekasirika: “Nyie nimewafuata mnitoe meno, sio mnitoe damu.” Nikaona mgonjwa ana haki. Dafrosa alinisihi mara mbili, mara ya pili mbele ya wauguzi, nami nikaona amenivunjia heshima. Nikayang'oa mwenyewe, bila kipimo.

Siku ya saba aliletwa taya limevimba, hajitambui. Sukari ilikuwa juu mno. Hakurudi Majimoto akiwa hai.

Katika taarifa niliandika kwamba tabibu alimchelewesha mgonjwa. Nikampa Dafrosa barua ya onyo. Aliisaini, akarudi kwenye kiti chake, akamwita mgonjwa aliyefuata. Hakupandishwa daraja kwa miaka mitano. Juliana, mjane wa Bartolomeo, aliiamini taarifa yangu, akamgeuzia kisogo sokoni miaka yote hii, na Dafrosa hakumwambia kitu. Mimi nilikuwa nikipita palepale, nikisalimiwa na wote wawili.

Mlioniomba wasifu huu mlitaka maneno ya bosi wake wa zamani. Haya ndiyo niliyo nayo. Mwili wangu sasa hautanipa muda wa kuandika mengine, na Dafrosa hastahili kustaafu na kosa langu kwenye jalada lake. Nimemwandikia Mkurugenzi barua kuomba onyo lile lifutwe. Juliana nimemweleza mwenyewe, kwa simu. Akauliza sherehe ya kumuaga Dafrosa inaanza saa ngapi.

Vijana aliowafundisha, Kelvin na Dorice, leo wanaanza na ulimi. Wagonjwa wa kisukari waliogunduliwa mapema kupitia chumba kile wapo mitaa yote ya Mpanda, wanalima na kulea wajukuu.

Dafrosa, asante kwa kazi, na kwa ukimya ambao sikuustahili. Shamba lako la Ilembo na likupe mahindi ya kutosha na usingizi mzuri. Juliana atakaa mstari wa mbele. Akikufuata, msalimie; hana kosa.

Dkt. Hilari Josephat
Mganga Mfawidhi mstaafu